Sauti Yangu Inauza Chupa Nyekundu

Wiki ya tatu baada ya kustaafu niliisikia sauti yangu stendi ya Newala. Nilikuwa nimesimama kwa muuza chai, kitumbua mkononi, sina faili, sina funguo za karakana, najifunza kuwa mtu asiye na haraka. Gari dogo jeupe lenye vipaza sauti viwili juu likaingia taratibu. Muziki ukakatika, na mtu fulani akasema kwa lafudhi ya msomi anayejipenda: "Kisayansi inawezekana kabisa. Haina tatizo." Muziki ukarudi. Ukakatika tena. "Kisayansi inawezekana kabisa. Haina tatizo."

Muuza chai alilitazama gari, akanitazama mimi, akalitazama gari.

"Baba Salima," akasema, "si wewe huyo?"

Ni mimi. Vijana wa karakana, siku ya kuniaga mliniomba niseme neno, nikasema kwa dakika mbili kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Haya ndiyo yaliyobaki. Vyeo na mishahara sivigusi. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua. Nataka kueleza jinsi sauti yangu ilivyoingia kwenye gari lile, na naeleza nikiwa nimekasirika, kwa hiyo mkikuta maneno makali msiyasahihishe.

Nilikuja Newala na shahada ya uhandisi wa kilimo, koti moja, na tasnifu nene kuhusu majembe ya trekta. Karakana niliyopangiwa haikuwa na trekta. Ilikuwa na mashine za kupulizia mikorosho: injini ndogo ya kubebwa mgongoni, tangi la petroli chini, pipa la salfa juu, na bomba refu linalorusha ule unga wa njano hadi kwenye maua. Maua yasipopata salfa kwa wakati yanaingiwa na ubwiriunga, ule ukungu mweupe, yanageuka meusi, yanadondoka, na mwaka wa mwenye shamba unakuwa umekwisha hapo hapo chini ya mti. Nawaeleza ninyi mnaolijua hilo kwa sababu mimi sikulijua, na shahada nilikuwa nayo.

Asubuhi ya kwanza mkulima wa Mnyambe alileta mashine isiyowaka. Nikavua koti, nikalitundika kwenye msumari, nikaanza kuvuta kamba. Nilivuta nikiwa nimesimama, nikavuta nikiwa nimepiga goti, nikavuta mpaka shati likagandamana na mgongo. Nyuma yangu, kwenye benchi, alikaa Fundi Lukasi, Mmakonde mfupi aliyefanya kazi pale tangu karakana ilipokuwa banda la makuti. Alikuwa ananoa kitu kwa tupa na wala hakuinua kichwa.

"Shikamoo, fundi," nikasema, nikitafuta sababu ya kupumzika.

"Marahaba, mhandisi. Umechoka?"

"Kidogo tu."

"Basi fungua petroli, halafu uendelee."

Koki ya petroli ilikuwa imefungwa. Mkulima alicheka mpaka akakaa chini, na jioni habari ilikuwa imeshafika Mnyambe kwa baiskeli. Salima alizaliwa miaka miwili baadaye, lakini mimi nilikuwa tayari baba: Baba Koki. Wako wazee huko ambao hadi leo hawajui jina langu jingine.

Niliyoyajifunza chuoni yalinifaa baadaye, siyakani. Lakini kazi nilifundishwa na Lukasi. Injini hii, alisema, haina mahali pa kuweka oili kama gari. Inakunywa oili ndani ya petroli, na ikikosa inajila yenyewe. Kwa hiyo oili inatangulia kwenye galoni, petroli inafuata, unatikisa mpaka mkono ukuombe radhi, ndipo unamimina kwenye tangi. Kuchanganyia ndani ya tangi ilikuwa marufuku kwake kama kuvuta sigara karibu na salfa. Na kabla ya kumimina alichovya kidole, akasugua tone kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yameangalia kando kama mtu anayesikiliza mlango. "Ikiteleza, weka," alisema. "Ikikauka, mrudishie aliyekuuzia."

Nilimdhihaki moyoni. Nilikuwa na jedwali la vipimo vya mnato, la kurasa sita.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la sponji. Injini hupumua kupitia sponji inayozuia vumbi, na kitabu cha mashine kinasema ioshwe kwa maji na sabuni kila jioni. Nikaenda Kitangari kufundisha hivyo. Niliwakuta akina mama wametua ndoo, wamepanda nazo kutoka bondeni, mlima ule ambao hata mimi mtupu, bila ndoo, nilipumzika mara nne. Nikawaelekeza kwamba kila jioni watenge nusu ndoo kwa ajili ya sponji.

Mwanamke mmoja mrefu, kanga kaifunga kiunoni, akaniuliza kwa upole kabisa: "Sponji ioge, mimi nisioge?"

Huyo alikuwa Mama Zuhura. Mumfahamu vizuri, maana habari hii ni yake kuliko yangu. Yeye na dada zake wawili walirithi mikorosho kwa mama yao, wakanunua mashine moja kwa pamoja, na yeye ndiye aliyeibeba mgongoni. Wakati ule wanaume wengi walisema mwanamke hawezi kupulizia. Alipulizia alfajiri, upepo ukiwa haujaamka na majani yana umande, na saa mbili asubuhi alikuwa amemaliza, nyusi za njano kama za bibi harusi wa nchi nyingine.

Hakuna aliyeosha sponji. Ikaziba, injini ikakabwa, watu wakaing'oa wakaitupa. Bila sponji injini iliwaka vizuri ajabu kwa siku chache, na watu wakanicheka. Kisha salfa ikaingia kwenye silinda, ikasugua pistoni kama msasa, nguvu zikapungua, na bomba likawa linarusha unga hadi kifuani mwa mkorosho badala ya kileleni. Lukasi ndiye aliyepata dawa: sponji mbili kwa kila mashine, moja inafanya kazi, nyingine inafuliwa kwa petroli kiasi cha kikombe ndani ya kopo la samaki, petroli hiyo hiyo wiki nzima, kisha inakamuliwa na kupakwa oili kidogo. Hakuna tone la maji. Niliwaandikia wachapishaji wa kile kitabu niwaombe waongeze ukurasa huo. Walinijibu kwamba wamefurahi kupata maoni yangu. Kitabu bado kinasema nusu ndoo.

Nawaambia haya ili muone biashara ya kuongeza nguvu ilivyozaliwa. Haikuzaliwa kwa sababu injini zilikuwa dhaifu. Zilitoka dukani na nguvu za kutosha. Tulizidhoofisha kwa uchafu, halafu wakaja watu kutuuzia nguvu zetu upya.

Kwanza walikuja mafundi wa kukata eksozi kwa msumeno, ili injini "ipumue". Mashine iliyokatwa eksozi pale Chiungutwa ilikuwa ikisikika kama ndege inayotafuta pa kutua, na mwenyewe aliamini kwamba kelele ni nguvu. Wakaja wa kufunga kabureta za pikipiki: injini ilikunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda, plagi ikawa nyeusi, mpuliziaji akashinda anavuta kamba. Wakaja wa kuchonga kichwa cha silinda ili kukaza mgandamizo. Hawa wa mwisho walikuwa na hoja, na mmoja wao alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, lakini injini iliyochongwa hivyo inataka petroli safi, na petroli yetu huuzwa kwenye chupa za maji kando ya barabara, juani.

Msinielewe vibaya. Siyo kila kifaa cha dukani ni takataka. Ringi nzuri zipo, hata kama hazikutengenezwa na aliyetengeneza mashine. Feni mpya ya kurushia salfa, yenye mapezi yasiyolika, itakufikishia unga kileleni bila kuigusa injini, na ndiyo ya kwanza kubadilisha kabla hujafikiria silinda. Plagi nzuri, sili nzuri, bomba lisilo na nyufa. Haya niliyafanya kwa miaka mingi na sina aibu nayo. Aibu yangu iko kwenye chupa.

Aliileta mfanyabiashara mmoja, mtu mcheshi mwenye shati lililopigwa pasi, sitamtaja. Chupa ndogo, kimiminika chekundu, lebo yenye picha ya ndege ya kivita. Aliitisha mkutano Kitangari, mbele ya ghala la chama cha msingi cha ushirika, maua yakiwa ndiyo kwanza yanatoka. Akaahidi kwamba kifuniko kimoja kwenye petroli kitarusha salfa mara mbili ya kawaida. Kisha akanigeukia. Nilikuwa nimekaa mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, kiti cha wakubwa.

"Bahati nzuri tunaye mhandisi wetu hapa, msomi wa chuo kikuu. Mhandisi, wananchi wanataka kujua. Inawezekana au haiwezekani?" Akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

Sikuwa nimeipima. Sikuwa nimeifungua. Lakini miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniita msomi kwenye kipaza sauti, mbele ya watu wanaoniita Baba Koki. Nikakohoa. Nikasema yale maneno. Wakapiga makofi, na nakiri kwamba niliinama kidogo, kama msanii.

Lukasi alikuwa amesimama nyuma, amestaafu, macho yameanza kuingia ukungu. Alinunua chupa, akaifungua, akachovya kidole. Akasugua. Akaja hadi kwenye kiti changu cha mikono.

"Mhandisi, hii haitelezi."

"Fundi, hii siyo oili. Ni kiongeza nguvu."

"Umewaambia hivyo?"

"Wanajua."

Hawakujua. Na watajuaje? Oili yetu ya kuchanganya ni nyekundu. Chupa ni nyekundu. Mfanyabiashara alikuwa amesema "inatosha yenyewe", mhandisi amesema haina tatizo, na oili Newala msimu ule ilikuwa adimu. Kesho yake alfajiri nusu ya Kitangari waliweka chupa nyekundu badala ya oili.

Siku ya nne Mama Zuhura aliingia karakana amebeba mashine kichwani. Aliitua juu ya benchi, akashika kamba, akavuta. Haikuja. Injini ilikuwa imenoki, pistoni imeng'ang'ania silinda kama vile vimechomelewa.

"Shikamoo, Baba Salima."

"Marahaba, mama. Uliweka nini?"

"Niliweka ulichosema."

"Mimi sikusema uache oili..."

"Ulisema haina tatizo. Tatizo hili hapa." Akaligonga benchi kwa kiganja. "Dada mkubwa ananiuliza kwa nini nimeua mashine ya watu watatu. Nimwambie nini? Kwamba kisayansi inawezekana? Maua yanafunguka, baba. Nikikaa wiki moja bila kupulizia, sina msimu, na wao hawana."

Tuliigonga kwa kipande cha mti mpaka pistoni ikatoka. Ilikuwa na michirizi ubavuni kama mtu aliyekwaruzwa na chui. Silinda nayo ilikuwa imeumia.

Nikashuka Masasi kutafuta pistoni. Katika duka la kwanza nilimwuliza muuzaji kama anayo halisi.

"Orijino ipo, mzee, na orijino kabisa ipo. Unataka ipi?"

"Tofauti yake?"

"Orijino kabisa ina boksi."

Nikanunua ya boksi, na silinda yake, nikapanda nayo Newala. Lukasi aliipapasa kwa vidole, kwa kuwa macho yalikuwa hayamsaidii, kidole kikasimama juu yake. Juu ya pistoni kuna mshale mdogo ambao lazima uelekee upande wa eksozi. Waliotengeneza ile pistoni walikuwa wamepiga mshale upande wa kinyume. Ukiufuata, ncha za ringi zinanasa kwenye tundu la ubavuni mwa silinda na kukatika injini inapochemka. Fikirini: mtu ametengeneza kalibu, ameyeyusha chuma, amechapisha boksi la rangi nne, akashindwa kuuliza mshale unaelekea wapi. Na kesho yake amelala vizuri.

"Tutaifunga kinyume cha mshale," nikasema.

"Tundu la pini nalo limekwenda kando, haifungiki hivi wala vile," Lukasi akasema. "Shika uone. Mtu huyu hakukosea mshale tu."

Siku zilikuwa zinakwenda. Sasa, ofisini kwangu, juu ya kabati, ilikuwapo mashine mpya ya aina ile ile, imefunikwa kitambaa cha maua. Ilikuwa ya maonesho. Wageni wakija inafunuliwa, inafutwa vumbi, inapigwa picha, inafunikwa. Haijawahi kuonja petroli. Maua yalikuwa yanageuka meusi Kitangari, na sisi tulikuwa na injini nzima iliyovalishwa kitambaa. Nimeshiriki upuuzi mwingi katika utumishi wangu, lakini asubuhi ile niliushika kwa mikono miwili, nikaubeba hadi kwenye benchi. Tukatoa silinda na pistoni. Nikaandika kwenye daftari la karakana nilichochukua, nimempa nani na kwa nini, nikatia saini. Mashine tupu niliirudisha juu ya kabati, nikaifunika. Ilikaa hivyo miezi saba kabla ya mgeni kuomba kuisikia ikinguruma. Barua ya kujieleza niliyoiandika ni maandishi yangu bora kuliko tasnifu.

Mama Zuhura alivuta kamba mara mbili, ikawaka. Hakucheka.

"Ahsante kwa pistoni," akasema. "Lakini maneno yako bado yako kule. Uliyasema kwenye kipaza sauti. Kayachukue kwa kipaza sauti."

"Mama Zuhura, nitawaambia watu mmoja mmoja..."

"Ulituambia mmoja mmoja?"

Kisha akaiokota ile pistoni iliyokwaruzwa, akanishikisha. "Hii ni yako."

Alipulizia alichowahi. Mikorosho ya upande wa bondeni ilikuwa imeshaliwa, maua yamekauka kama chai iliyotumika, na dada mkubwa hakumsemesha msimu mzima. Mashine nyingine zilikuja karakana baada ya yake, na nyingi hatukuwa na cha kuzifanyia. Sikuwa na kabati jingine.

Nikaenda. Mkutano wa chama, mbele ya ghala lile lile, nikapanda juu ya magunia, nikashika kipaza sauti. Nikasema sikuipima. Nikasema nilipenda kuitwa msomi. Nikasema chupa ile siyo oili, haitelezi, na aliye nayo asiiweke. Mwisho mzee mmoja akaita kutoka nyuma:

"Baba Koki! Leo umeifungua?"

Wakacheka wote, nami nikacheka, nikashuka mwepesi kuliko nilivyopanda. Mama Zuhura alinisubiri pembeni.

"Kitangari wamesikia," akasema. "Na Chiungutwa? Na Mnyambe?"

"Habari itafika yenyewe."

Alinitazama kama alivyonitazama siku ya sponji. Habari ya koki ilifika yenyewe, nilijiambia, na hii itafika. Sikuwaza kwamba siku ya kile kiti cha mikono mtu alikuwa ananirekodi kwa simu. Nilipoyakana maneno yangu juu ya magunia, hakuna aliyenirekodi.

Kwa hiyo pale stendi niliweka kitumbua chini, nikamwendea dereva. Mtu mzima, mdogo kwangu kidogo, mwenye kofia, anakula embe bichi kwa chumvi.

"Ndugu, hiyo sauti ni yangu."

"Shikamoo, mzee. Wengi wanasema hivyo."

"Kisayansi inawezekana kabisa," nikasema, ili kuthibitisha. "Haina tatizo."

Aliinamisha kichwa, akasikiliza kwa makini. "Unajaribu, mzee. Ila wa kwetu ana usomi zaidi."

Nilitoa pistoni mfukoni. Tangu nistaafu natembea nayo, nimezoea uzito wake. Nikamwonesha michirizi. Nikaomba chupa moja, nikamdondoshea tone kidoleni, na kwenye kidole cha pili oili niliyoomba kwa bodaboda wa jirani. "Sugua," nikamwambia. Akasugua cha oili, kikateleza. Akasugua cha chupa nyekundu. Akasugua tena, polepole. Kikakauka.

Kisha akakifuta kwenye suruali.

"Mzee," akasema, bila ubaya wowote, "mimi ni dereva tu."

Akawasha gari. Ni wiki hii, maua ndiyo yanatoka. Likageuka kuelekea Mnyambe, muziki ukakatika, na mimi nikawaambia watu wa njia nzima kwamba haina tatizo.

Nikapanda pikipiki ya yule yule aliyenipa oili, chupa yake ya oili ingali mkononi mwangu.

"Wapi, Baba Koki?"

"Fuata ile sauti."

"Ya nani ile?"

"Yangu. Endesha."